Dawa Iliyopata Alama Zote

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Wenyeji wanaijua, na wageni wana ya kwao inayowatosha. Ilikuwa na bendera, wimbo, Waziri wa Afya mwenye shingo ya mikunjo mitatu, na Baraza la Taifa la Ukamilifu wa Taarifa, ambalo jengo lake lilikuwa na lifti. Hospitali kuu haikuwa na lifti. Wagonjwa walipandishwa ngazi mgongoni, kwa hoja kwamba mgonjwa akipona atashuka mwenyewe, na asipopona, kumshusha si kazi.

Baraza hilo lilizaliwa kwa nia njema, na hilo lisemwe mapema ili wenye nia njema wasije wakadai wameonewa. Zamani watafiti wa nchi ile walikuwa waongo. Mtu aliulizwa, "Tafiti zote zilizowahi kufanywa kuhusu dawa fulani, kwa pamoja zinasema nini?" naye akasoma tafiti tatu, mbili zikiwa za rafiki yake, akarudi kutangaza kwamba amepitia dunia nzima. Hakusema alitafuta wapi. Hakusema alitupa zipi, wala kwa nini alizitupa. Ndipo ikatungwa Orodha: vipengele thelathini na moja ambavyo kila anayekusanya na kupitia tafiti za afya sharti avieleze. Umetafuta wapi, siku gani, umepata ngapi, umeacha ngapi, na kwa kila uliyoiacha, sababu. Ilikuwa orodha nzuri. Aliyeifuata hakuweza kudanganya bila kuonekana.

Daktari Siwema Makungu, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mkali wa sauti na mpole wa mikono, aliipenda Orodha ile kama wengine wanavyopenda dini. Aliamini kwamba ukweli ukiandikwa wote, hatua kwa hatua, hakuna mtu mwenye macho atakayeukataa. Hakuwahi kujiuliza kuhusu watu wenye macho wasiosoma.

Balaa lilianza siku karani mmoja alipogundua kwamba vipengele vinahesabika. Kitu kikihesabika hupewa alama. Kikishapewa alama hutangazwa redioni. Na kikishatangazwa redioni hakuna tena haja ya mtu kukifungua. Haikupita miaka miwili, nchi nzima ikasahau kwamba alama zile zilikuwa za mwandishi, kwa jinsi alivyoeleza kazi yake. Wakaamini ni alama za dawa. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Ilikuja yenyewe, polepole, kama upara.

Yaliyotangulia kuumia ni maji ya chumvi na sukari. Mtafiti aliyeyapitia alithibitisha kwamba yanaokoa watoto wanaoharisha, ila akasahau kuandika tarehe aliyomaliza kutafuta, na mchoro wake ulikosa mishale. Akapata alama kumi na mbili kati ya thelathini na moja. Maji yakapigwa marufuku. Askari walipita nyumba hadi nyumba wakitenganisha chumvi na sukari, na sheria ikaweka umbali wa hatua kumi baina ya vitu hivyo viwili katika kila jiko. Watoto waliendelea kufa kwa kuharisha, lakini walikufa bila kugusa kitu chenye alama kumi na mbili, na wazazi wao waliona hiyo ni faraja, au waliambiwa waione.

Siwema alilalamika kwa barua. Barua ilirudishwa kwa kuwa haikuwa na muhtasari.

*

Kisha ikaja Tulizo.

Tulizo ilikuwa dawa ya maji, nyekundu, tamu, iliyopikwa katika kiwanda kilichopakana na shamba la Waziri kwa bahati tu. Ilikusudiwa kutibu homa ya magoti, maradhi ya watoto. Mtoto akipata homa ya magoti huchemka siku tano, magoti yakavimba kama maembe, na siku ya sita huomba chakula. Wawili katika kila mia hawafiki siku ya sita. Basi Wizara ikataka kujua kama Tulizo itawasaidia hao wawili, na kwa kuwa Orodha ilidai mapitio, Siwema akapewa kazi hiyo.

Aliifanya kwa miezi kumi na minane. Alikusanya kila utafiti uliowahi kuigusa Tulizo, humo nchini na kwingine ilikojaribiwa ikatimuliwa. Alisoma mpaka macho yakawa mekundu kama dawa yenyewe. Na tafiti zote zilisema jambo moja: kati ya watoto mia walionyweshwa Tulizo, kumi na wanne walikufa, figo zikiwa zimefunga. Akaandika hitimisho la mistari miwili: "Tulizo inaua watoto. Asipewe mtoto yeyote." Aliliandika kwa maneno mepesi ili hata Waziri alielewe, na hapo ndipo alipojidanganya, maana alidhani tatizo la Waziri ni lugha.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, mdogo wake Mwatumu alimpigia simu. Binti yake, Mboni, mtoto wa miaka sita, alikuwa amelazwa na homa ya magoti, siku ya pili.

"Dada, wanasema kuna dawa mpya inakuja," Mwatumu alisema.

"Haiji."

"Wameshaleta makopo. Yamepangwa pale koridoni, yamefunikwa shuka."

"Ndiyo maana yamefunikwa. Yanangoja mapitio yangu, na mapitio yangu yanayarudisha kiwandani. Wewe mpe maji, mfute kwa kitambaa. Ijumaa atakudai chakula."

"Una hakika?"

"Mwatumu, nimeandika kila kitu," Siwema alisema, na kweli alikuwa ameandika kila kitu.

*

Mkaguzi aliyetumwa na Baraza aliitwa Bwana Ngwali. Alikuwa mzee mwembamba, mwaminifu kupita kiasi, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea Orodha, nyingine ya kutazamia watu. Hii ya pili ilikuwa bado mpya kabisa.

Jumanne asubuhi aliketi mbele ya Siwema, akaweka Orodha kushoto, ripoti kulia, na muhuri katikati.

"Kipengele cha kwanza. Kichwa kinasema wazi kwamba haya ni mapitio?"

"Kinasema."

Muhuri ukagonga.

"Cha saba. Ulitafuta wapi?"

"Ukurasa wa tisa. Hazina kumi na nne za machapisho, na makabati mawili ya Wizara."

"Makabati." Ngwali aliinua kichwa. "Ulitaja rangi zake?"

"La kijani na la kijivu."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Miaka kumi na moja nipo kwenye kazi hii, Daktari. Hakuna aliyewahi kunitajia rangi."

Walipofika kwenye mchoro, alisogeza kiti mbele. Mchoro ule ulikuwa wa visanduku na mishale, kuonyesha machapisho yaliyopatikana, yaliyotupwa na yaliyobaki: elfu sita mia mbili kumi na nane yalipatikana, elfu moja mia tisa na nne yalijirudia, yakaondolewa, elfu nne mia moja sitini na moja yaliondolewa kwa kusomwa kichwa tu, mia moja hamsini na matatu yalisomwa yote, mia moja na kumi na mawili yakaondolewa, kila moja na sababu yake, yakabaki arobaini na moja. Ngwali alijumlisha kwa vidole, kisha kwa kalamu, kisha kwa mashine.

"Yanajumlika," alinong'ona, kama mtu aliyeona mwezi wa Idi kabla ya wenzake.

"Cha thelathini. Hitimisho lipo?"

"Lipo. Ukurasa wa sitini na mbili. Lisome, Bwana Ngwali, ni mistari miwili."

Alifungua ukurasa ule, akahakikisha kuna wino, akagonga muhuri.

"Hujalisoma."

"Nikilisoma nitakuwa na maoni. Mkaguzi mwenye maoni ni mkaguzi aliyeharibika."

"Basi nitakusomea mimi. Linasema dawa inaua—"

Ngwali aliziba masikio kwa vidole viwili, kwa adabu, akasubiri mpaka midomo ya Siwema ilipoacha kucheza. Kisha akagonga kipengele cha thelathini na moja, akasimama, akampa mkono. Machoni mwake mlikuwa na machozi. Katika historia ya nchi ile, hakuna mapitio yaliyowahi kupata alama zote.

*

Redio ilitangaza Jumatano saa moja asubuhi, baada ya wimbo wa taifa na kabla ya bei za vitunguu: "Dawa ya Tulizo imefaulu kwa alama thelathini na moja kati ya thelathini na moja. Wazazi wote mnaombwa kutulia."

Siwema alifika uwanjani Wizarani akiwa amevaa viatu visivyofanana. Alikuta turubai, viti vya plastiki, na jukwaani Mheshimiwa Shomvi Kilindo, Waziri wa Afya, akiwa amekwisha kuanza.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, "ziko nchi kubwa, zenye theluji, zenye treni zinazopita chini ya ardhi kama panya, ambazo dawa zake zinapata ishirini na tano. Ishirini na sita. Na hawaoni haya kuzinywa. Sisi, kwa jasho letu, kwa chumvi yetu, na kwa sukari yetu iliyowekwa mbali na chumvi yetu, tumepata zote."

Kwaya ya Wizara, waliovaa sare nyekundu rangi ya Tulizo, ikasimama na kughani:

*Vipengele vimetimu, hakuna lililobaki,*
*Tulizo dawa adhimu, alama zake ni haki,*
*Mzazi shika nidhamu, mtoto kunywa hachoki,*
*Taifa limehitimu, apingaye hasikiki.*

Siwema akaitwa jukwaani kupokea tuzo, alama kubwa ya tiki iliyochongwa kwa mninga. Hakuipokea. Alishika kipaza sauti.

"Ripoti yangu inasema Tulizo inaua watoto kumi na wanne katika kila mia," alisema. "Bila dawa yoyote wanakufa wawili. Msiwanyweshe watoto wenu."

Waziri akakichukua kipaza sauti taratibu, kama anayempokea mgeni mzigo.

"Kumi na wanne katika kila mia," alirudia. "Mmesikia ufasaha huo? Hakusema 'wengi'. Hakusema 'baadhi'. Kumi na wanne. Mtafiti gani mwingine angetupa hesabu safi namna hii?"

Watu wakapiga makofi. Wengine walisimama.

Nyuma ya turubai, Siwema alimkamata mkono. "Mheshimiwa, umenisikia. Usijifanye hujanisikia."

"Nimekusikia, mama. Mimi si kiziwi, na ripoti yako nimeisoma, tena peke yangu." Waziri alishusha sauti. "Maji ya chumvi yalipata kumi na mbili, nikayapiga marufuku, nikatukanwa mpaka na mama mkwe wangu. Leo hii imepata zote, niikatae? Watasema Waziri hana msimamo."

"Kwa hiyo watoto wafe kwa ajili ya msimamo?"

"Ripoti yako ina haki ya kusema inaua. Hayo ni maoni ya ripoti. Alama ni za taifa." Akajifuta shingo, mkunjo mmoja baada ya mwingine. "Kunywesha kunaanza kesho saa sita mchana."

*

Sasa Siwema akaona njia moja tu iliyobaki. Kama dawa imepita kwa alama zake, basi alama zipunguzwe. Alasiri ile alipanda lifti ya Baraza mpaka kwa Ngwali.

"Nimekuja kukiri," alisema. "Mapitio yangu ni mabovu. Kuna hazina moja ya machapisho sikuitafuta."

Ngwali alivuta karatasi. "Kwa sababu gani?"

"Uvivu."

"Uvivu," mzee aliandika, kisha akatazama alichoandika kwa heshima. "Kipengele cha ishirini na saba: mwandishi aeleze mapungufu ya kazi yake bila kuficha. Wengi huandika 'ufinyu wa muda', Daktari. Wewe umeandika uvivu." Akagonga muhuri mara ya pili juu ya muhuri wa kwanza.

"Na nilibadili mpango wa kazi katikati."

"Cha ishirini na nne: mabadiliko ya mpango yatajwe. Umeyataja." Muhuri.

Siwema akainyakua ripoti mezani, akachana ukurasa wa kumi na tisa, ule wenye mchoro wa visanduku, akautia mdomoni, akatafuna. Ngwali alitazama saa ya ukutani, akaandika: "Ukurasa wa kumi na tisa umeondolewa. Saa tisa na dakika kumi alasiri. Sababu: umeliwa."

"Sasa haijakamilika," Siwema alisema huku akimeza.

"Imekamilika. Kilichoondolewa kimetajwa, na sababu yake pia. Hata kuharibu kwako, Daktari, kumekamilika." Alimmiminia maji kwenye glasi ili karatasi ishuke. "Wala usihuzunike kuhusu mchoro. Wizara iliupenda sana. Tangu asubuhi wanaupaka sakafuni kwenye wodi zote."

*

Kweli waliupaka. Alhamisi asubuhi Siwema aliikuta wodi ya watoto imechorwa rangi ya njano kutoka ukuta hadi ukuta. Kisanduku kikubwa mlangoni kiliandikwa WALIOPOKELEWA. Mshale uliongoza kwenye kisanduku cha katikati, WALIOKUNYWA, na kutoka hapo mishale miwili ilikwenda kwenye visanduku viwili vya mwisho: WALIOPONA, chenye vitanda kumi na vinane, na WENGINEO, kisichokuwa na kitanda hata kimoja. Pembeni kabisa, karibu na geti la kutokea, palikuwa na kisanduku kidogo: WALIOONDOLEWA, SABABU ITAJWE. Watoto wenye nguvu walikuwa wakiruka kwa mguu mmoja kutoka kisanduku hadi kisanduku, kwa kuwa hakuna mtoto anayeona visanduku sakafuni akaacha kuruka.

Mboni alikuwa amekaa kitandani, magoti yamefungwa vitambaa.

"Mama mkubwa," alisema, "nibebe nikaruke na mimi. Wewe uwe miguu."

Siwema alimgusa paji la uso. Lilikuwa baridi.

"Ameomba chapati," Mwatumu alisema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Siku ya tano tu, dada. Ameomba mbili."

"Funga vitu vyako. Tunatoka naye sasa hivi."

Getini mlinzi alinyoosha rungu. "Mtoto huyu yuko Waliopokelewa. Akitoka hivi hivi visanduku havitajumlika. Muoneni sista."

Muuguzi wa zamu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mchovu, na mezani kwake palikuwa na karatasi ya sababu halali za kumwondoa mtoto, zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka ripoti ya Siwema.

"Ziko tano, dada yangu," alisema. "Chagua. Ya kwanza: ni wa wanyama."

"Hizo ni sababu za kuondoa tafiti," Siwema alisema. "Niliziandika mimi. Tafiti zilizofanywa kwa wanyama, sio watoto."

"Mimi nimeletewa karatasi. Ni mnyama?"

"Andika ni mnyama," Mwatumu alisema haraka. "Andika ni mbuzi, nitatia saini."

"Itabidi aje bwana mifugo, na bwana mifugo yuko likizo. Ya pili: amejirudia. Ana pacha?"

"Hana."

"Angekuwa na pacha ningemtoa mmoja, wala nisingewauliza yupi. Ya tatu: hana wa kulinganishwa naye. Huyu anao kumi na saba. Ya nne: hahusiani na ugonjwa huu." Alibonyeza goti la Mboni kwa kidole, na Mboni akalia. "Anahusiana. Ya tano: yuko katika lugha isiyo na mfasiri."

Siwema na Mwatumu wakatazamana.

Siwema alimchukua Mboni pembeni, akapiga magoti mbele yake. "Tunacheza mchezo. Kila utakachoulizwa, jibu kwa maneno ya uongo, maneno ambayo hayapo. Ukishinda tunakwenda nyumbani kula chapati."

"Nikicheka?"

"Ukicheka si neno. Ila usiseme neno la kweli hata moja."

Mboni akaletwa mezani. Muuguzi akamuuliza jina lake. "Pambalunge fufu," Mboni alisema. Akamuuliza umri. "Kwisikwisi lendela bo." Akamuuliza kama anataka pipi, na akaifungua mbele yake ikanukia, na mtoto yule akameza mate, akasema, "Dundala." Mwatumu aliuma kitambaa cha kichwa chake. Muuguzi aliandika, akachovya muhuri kwenye wino, na kwa sekunde hiyo ilionekana wazi kwamba alikuwa amefurahi.

Ndipo Bwana Ngwali akaingia kukagua kama rangi imekauka. Alikuwa na mvi, na fimbo, na kofia mkononi. Mboni alimwona. Alikuwa mtoto wa Mwatumu, na Mwatumu alikuwa amemlea vizuri, kwa kubembeleza na kwa kufinya, tangu alipojua kusema.

"Shikamoo, babu," alisema Mboni.

"Marahaba, mjukuu wangu," Ngwali alijibu kwa furaha. "Kiswahili safi. Huyu amefunzwa adabu."

Muuguzi akaurudisha muhuri mahali pake.

Saa sita mchana, walinzi wanne wakiwa wamesimama pande zote, watoto kumi na wanane walivushwa mmoja mmoja hadi kisanduku cha katikati. Siwema alishikwa mikono. Mwatumu alishikwa mikono na kiuno. Mboni alipewa kikombe chake, akanusa, akanywa chote.

"Ni tamu," alisema. Akamtazama mama wa mtoto wa kitanda cha jirani, aliyekuwa analia, akamwambia, "Si chungu, usiogope."

*

Figo zake zilifunga usiku huohuo, na Ijumaa saa nne asubuhi, siku ambayo Siwema alisema atadai chakula, alihamishiwa kisanduku cha Wengineo. Alikuwa wa tatu. Mama yake aliketi sakafuni pembeni ya maandishi ya njano, mtoto akiwa mapajani, amefunikwa khanga.

Ngwali alifika saa tano kuchukua hesabu ya kwanza ya Tulizo. Siwema alimsubiri akiwa amesimama. Hakuwa amelia. Lilikuwa limebaki jambo moja ambalo bado aliliamini, nalo lilikuwa ni kwamba kifo kikiandikwa hakiwezi kufutika.

"Mwandike," alisema.

"Bila shaka." Mzee alifungua daftari. "Jina?"

"Mboni Sefu."

"Sababu ya kifo?"

"Tulizo."

Aliandika Tulizo, bila kusita, kwa mwandiko mzuri. "Chanzo cha taarifa?"

"Mimi. Nilikuwepo alipokunywa na nilikuwepo alipokufa."

"Na wewe ni nani kwa marehemu?"

"Ni mtoto wa mdogo wangu."

Kalamu ilisimama. Ngwali alivua miwani ya kusomea, na kwa mara ya kwanza tangu ainunue ile nyingine, akaivaa.

"Daktari," alisema kwa masikitiko ya kweli, "wewe ndiye mwandishi wa mapitio ya dawa hii. Kipengele cha ishirini na nane: mwandishi atangaze maslahi yake binafsi. Huyu ni damu yako. Hawezi kuhesabiwa."

"Amekufa."

"Amekufa, lakini kwa upendeleo. Akiingia kwenye hesabu, wataisema kazi yako vibaya, na kazi yako ndiyo pekee tuliyonayo iliyopata zote." Alipiga mstari mmoja juu ya jina la Mboni, ulionyooka, bila rula. "Wodi inabaki na vifo viwili. Lengo la Wizara kwa kila wodi ni vifo viwili. Imekaa vizuri."

Akatoa fomu mpya, akaijaza: ameondolewa, sababu, undugu na mwandishi. Akagonga muhuri.

"Ila ulikosea kutotangaza mapema," aliongeza, akipuliza wino ukauke. "Ungeniandikia jana, hata mstari mmoja, tungemwondoa jana."

Mwatumu aliinua kichwa kutoka sakafuni.

"Kwa hiyo jana asubuhi angeweza kutoka?"

"Angetoka, mama. Kabla ya kikombe. Ni sababu halali kuliko zote tano."

"Lakini uliniona naye," Siwema alisema. "Ulisimama pale, ukaniona nimemshika mkono."

"Kuonekana si kutangaza, Daktari."

Mwatumu alimgeukia dada yake. Hakupaza sauti. "Ulisema kila kitu," alisema. "Mbuzi ulikubali niseme. Maneno ya uongo ukamfundisha. Ukashindwa kusema huyu ni wangu."

Siwema alinyoosha mikono ampokee mtoto.

Mwatumu akainuka na mtoto wake. Hakumruhusu Siwema kumshika hata mguu. Alichukua fomu kutoka mkononi mwa Ngwali, akaikatiza sakafu yote, juu ya mishale na juu ya maandishi, rangi iliyokuwa haijakauka vizuri ikimganda kwenye nyayo, mpaka getini.

Mlinzi alikuwa yuleyule. Aliipokea fomu, akaisoma yote, akaigeuza kuona nyuma, akakagua muhuri kwenye mwanga. Kisha akaweka rungu chini ili atumie mikono miwili, akafungua geti pande zote mbili, mama apite kwa nafasi na mzigo wake.

"Si unaona, mama," alisema, akimrudishia karatasi. "Jana mlinisumbua bure. Leo si hivi mmetoka?"